Karanga, Yai na Mtoto Mwenye Pumu ya Ngozi

Hotuba kwa wazazi, kina bibi na wauguzi wa kliniki ya watoto, Dar es Salaam

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama na kina baba mliofika na watoto mapajani, habari za asubuhi. Nanyi wauguzi wa kliniki, ambao ndio mnaoulizwa maswali haya kila siku kabla hayajafika kwangu, nawashukuru kwa kuacha foleni ya mizani na kuja kukaa nasi kwa saa moja. Nimeombwa nizungumzie namna ya kumwanzishia vyakula vya nyongeza mtoto aliye katika hatari ya kupata mzio wa chakula, hali ambayo mitaani tunaiita aleji. Nitasema zaidi juu ya karanga na yai, kwa sababu ndivyo vyakula vilivyochunguzwa kwa kina kuliko vingine, na ndivyo pia ambavyo mimi mwenyewe niliwahi kuvitolea ushauri mbaya.

Nianze na ushauri huo. Miaka ya mwanzo ya 2000, nikiwa daktari kijana, nililetewa mtoto wa miezi saba mwenye pumu ya ngozi kali: mashavu yamepasuka, mikunjo ya viwiko imekwaruzwa hadi inatoa maji, na usiku, kwa maelezo ya mama yake, halali, anajisugua tu kwenye shuka. Nilichukua kadi ya kliniki nikaandika kwa kalamu nyekundu kwamba asile yai hadi atimize miaka 2, na asile samaki wala karanga hadi atimize miaka 3. Mama yule alikuwa mtu wa Singida, ambako karanga ziko kwenye mchicha, kwenye kisamvu, kwenye uji na kwenye mfuko wa koti la babu. Aliitazama kadi, akanitazama mimi, akauliza, "Sasa daktari, ale nini?" Nikamjibu ampe uji mweupe na viazi. Nilimjibu kwa kujiamini sana, na kujiamini kule ndiko kunakoniuma hadi leo, kwa sababu inaelekea niliyemzuia kula ndiye hasa aliyehitaji kula mapema kuliko wenzake.

Maneno yale sikuyabuni. Mwaka 1998 wataalamu wa serikali ya Uingereza waliwashauri wazazi wenye historia ya mzio katika familia wasiwape watoto wao karanga kabla ya umri wa miaka 3. Mwaka 2000 Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kikatoa orodha ndefu zaidi kwa watoto walio hatarini: maziwa ya ng'ombe yasubiri mwaka 1, yai lisubiri miaka 2, karanga, korosho na jamii yake pamoja na samaki visubiri miaka 3. Hoja yake ilisikika vizuri masikioni. Tumbo la mtoto halijakomaa, kwa hiyo mpe muda likomae. Tatizo ni kwamba ilikuwa hoja tu. Hakuna aliyekuwa amewagawa watoto katika makundi mawili, kundi moja likala na jingine likasubiri, kisha akahesabu nani ameugua. Wakati huohuo, katika nchi zilezile ambako wazazi walikuwa wakiambiwa wasubiri, mzio wa karanga ulikuwa ukiongezeka. Mwaka 2008 Marekani ilikiri kwamba hakukuwa na ushahidi wa kutosha kuwa kuchelewesha kunamkinga mtoto, na mwaka uliofuata Uingereza nayo ikauondoa ushauri wake. Lakini neno likishaandikwa kwenye kadi ya kliniki huwa haliondoki upesi. Mwezi uliopita tu nimezungumza na mama aliyeambiwa jambo lilelile nililoliandika mimi zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Mabadiliko yalianzia kwenye swali ambalo bibi yeyote wa kwetu angeweza kuliuliza. Daktari Gideon Lack, mtaalamu wa mzio wa watoto wa London, alikuwa akizungumza na madaktari wenzake nchini Israeli, akawauliza ni wangapi kati yao wanaona watoto wenye mzio wa karanga. Mikono iliyonyoshwa ilikuwa michache mno. Uingereza kila daktari wa mzio alikuwa nao wengi. Yeye na wenzake wakalinganisha watoto wa Kiyahudi wanaoishi Uingereza na watoto wa Kiyahudi wanaoishi Israeli, ili asili ya familia isiwe kisingizio, na wakachapisha matokeo mwaka 2008: Uingereza asilimia 1.85 ya watoto walikuwa na mzio wa karanga, Israeli asilimia 0.17. Tofauti ya mara kumi. Walipochunguza chakula chao waligundua kwamba watoto wa Israeli huanza kula karanga wakiwa bado hawajatimiza mwaka, hasa kupitia vitafunwa vya unga wa mahindi na karanga viitwavyo Bamba, vinavyoyeyuka mdomoni hata kwa mtoto asiye na meno. Watoto wa Uingereza walikuwa wakilindwa zisiwafikie.

Hata hivyo, kulinganisha nchi na nchi si ushahidi wa mwisho, maana watu wa nchi mbili hutofautiana kwa mambo mengi. Ndipo kundi hilohilo likafanya utafiti unaojulikana kwa jina la LEAP, ambao matokeo yake yalitoka Februari 2015. Naomba mnivumilie kwenye hesabu zake, kwa kuwa ndizo zilizobadilisha kazi yangu. Walichukua watoto 640 wa kuanzia miezi 4 hadi kabla ya miezi 11, na hawakuwa watoto wa kawaida. Wote walikuwa na pumu ya ngozi kali, au mzio wa yai, au vyote viwili. Walipimwa kwanza kwa kuchomwa ngozi kidogo na kuwekewa tone la karanga, na waliovimba zaidi ya milimita 4 hawakuingizwa, kwa kuwa ilidhaniwa tayari wana mzio. Waliobaki waligawanywa kwa kura. Nusu walilishwa angalau gramu 6 za protini ya karanga kwa wiki, katika milo mitatu au zaidi, hadi walipofika miaka 5. Nusu hawakuonja karanga muda huo wote.

Miaka 5 ilipotimia, miongoni mwa watoto 530 ambao kipimo cha mwanzo hakikuonyesha uvimbe wowote, asilimia 13.7 ya walioepushwa karanga walikuwa na mzio wake, na waliozila ni asilimia 1.9 tu. Miongoni mwa wale 98 ambao ngozi ilikuwa imeshaanza kuvimba kidogo, walioepushwa walikuwa asilimia 35.3, na waliokula asilimia 10.6. Mwaka 2024 walitoa taarifa nyingine baada ya kuwapima tena wengi wa watoto hao wakiwa vijana wa miaka 12 na kuendelea, baada ya miaka mingi ambayo kila mmoja alikula apendavyo, na tofauti ilikuwa bado ipo: asilimia 15.4 kwa walioepushwa, asilimia 4.4 kwa waliokula. Sijui dawa nyingi za watoto zenye matokeo ya namna hiyo, na hii si dawa, ni karanga.

Mtaniuliza kwa nini iwe hivyo, na hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Chakula kinaweza kuufikia mwili wa mtoto kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mdomo na tumbo. Njia ya pili ni ngozi, hasa ngozi iliyopasuka, kwa sababu nyumba inayokula karanga ina vumbi la karanga kwenye meza, kwenye mkeka na kwenye mikono ya kaka na dada zake. Mgeni anayepiga hodi mlangoni hukaribishwa na kupewa kiti. Anayeruka ukuta usiku hupigiwa kelele za mwizi. Chakula kinachopita tumboni mapema huufundisha mwili kukivumilia. Chakula kinachopenya kwenye mipasuko ya ngozi, wakati mdomo haujawahi kukionja, huufanya mwili utengeneze kingamwili za kukipiga vita, na siku mtoto atakapokila kwa mara ya kwanza, vita inalipuka. Kwa hiyo tulipowaambia wazazi wa watoto wenye pumu ya ngozi wafunge mlango, ukuta ulibaki na nyufa zake zilezile.

Kutokana na hilo, kazi ya kwanza ni ngozi yenyewe, na inaanza kabla ya kijiko. Vitabu tulivyosomea sisi vilikuwa na picha za watoto weupe wenye mashavu mekundu, na wauguzi wengi bado wanasubiri wekundu ambao kwenye ngozi yetu hauonekani. Kwa mtoto mweusi pumu ya ngozi huonekana kama ngozi kavu yenye rangi ya majivu, au iliyokoza weusi, yenye vipele vidogo vinavyokwaruza ukipitisha kiganja, mara nyingi kwenye mashavu, nyuma ya masikio, viwikoni na nyuma ya magoti. Haitokani na uchafu wa damu, wala si harara ambayo itapungua joto likipungua, na wala haimaanishi kwamba maziwa ya mama hayamfai mtoto. Nimeona kina mama walioachishwa kunyonyesha kwa sababu hiyo ya mwisho, na ni hasara kubwa. Muogeshe kwa maji ya vuguvugu bila kumsugua kwa dodoki, mpake mafuta mazito yasiyo na harufu akiwa bado na unyevunyevu, mara mbili kwa siku au zaidi, na dawa ya kupaka aliyoandikiwa itumike kama ilivyoelekezwa, isiogopwe.

Hapa nina neno kwa kina bibi, na naomba nisieleweke vibaya. Tumezoea kumkanda mtoto kwa mafuta ya ufuta, na wengine kwa mafuta ya karanga yaliyokamuliwa nyumbani. Kwa mtoto mwenye ngozi nzima sina ugomvi nanyi. Lakini kwa mwenye ngozi iliyopasuka, mafuta ya chakula ambayo hayajasafishwa kiwandani ni kumpitishia chakula ukutani. Mwaka 2003 ulitoka utafiti wa Uingereza ulioonyesha kwamba watoto waliopakwa krimu zenye mafuta ya karanga kwenye ngozi yenye vipele walipata mzio wa karanga zaidi ya wenzao. Ufuta nao umo katika vyakula vinavyoleta mzio. Yawekeni jikoni mafuta hayo, mtoto atayakuta kwenye chakula.

Sasa tuje kwenye wakati. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ambao ndio tunaoufuata kliniki, ni maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6, kisha vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 na zaidi. Kwa watoto wengi sana wa humu ndani, pamoja na wenye pumu ya ngozi ya kiasi, jibu langu ni kwamba mtoto akitimiza miezi 6, anaweza kukaa akiegemezwa, anashikilia shingo yake na anafungua mdomo akiona kijiko, basi karanga na yai viingie ndani ya majuma ya mwanzo baada ya uji na viazi. Visisubiri mwaka, wala visisubiri meno. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2017 unasema mtoto mwenye pumu ya ngozi kali au mzio wa yai aangaliwe na daktari na aanzishiwe karanga kati ya miezi 4 na 6. Nasi tunaweza kufika huko kwa mtoto mmojammoja, kwa uamuzi wa daktari aliyemwona, na kwa kiasi cha kuonja kisichopunguza kunyonya. Silisemi kama ruhusa kwa kila nyumba. Mahali ambapo maji ya kunywa ni ya mashaka, kuharakisha chakula kwa mtoto asiyekihitaji ni kumletea kuhara, na kuhara kunaua watoto wengi zaidi kuliko mzio.

Nimesema uji, na hapa nina ugomvi wa zamani na unga wa lishe. Mama anakwenda dukani au kwenye mashine ya kusaga, anarudi na mfuko wenye mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, ngano, mbegu za maboga, na siku hizi hata dagaa na korosho, vyote vimesagwa pamoja, na mtoto wa miezi 6 anaanza na mfuko huo siku ya kwanza. Akivimba midomo, tutamlaumu nani kati ya hao tisa? Nimewahi kupokea mtoto wa namna hiyo, na tulitumia miezi kutafuta kitu ambacho kingejulikana kwa siku moja kama angeanza na chakula kimojakimoja. Mtoto ambaye hajawahi kuonja karanga na ana pumu ya ngozi asionjeshwe kwa mara ya kwanza ndani ya mchanganyiko. Akishazoea kila kimoja peke yake, hapo mchanganyiko ni mlo mzuri.

Ugomvi wa pili na unga huo ni sumukuvu, ambayo haihusiani na mzio lakini siwezi kuwaambia mlishe watoto karanga nisiitaje. Ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui na jirani zake, waliugua watu 317 na kufa 125 kwa mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 ilitupiga sisi, Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi. Kwa hiyo karanga za mtoto zinunuliwe nzima, si unga uliokwishasagwa usiojua ulisagwa na nini, kisha zichambuliwe moja moja kwenye ungo: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, yenye kuvunjika au yenye ladha chungu itupwe, na asipewe kuku wala mtu.

Zilizobaki zikaange kwa moto mdogo hadi ziive, pepeta maganda, halafu saga au twanga kwenye kinu kisafi hadi ziwe laini kabisa na zianze kutoa mafuta yake. Kusiwe na chenga hata moja. Karanga nzima au vipande vyake, na kashata pia, havipewi mtoto aliye chini ya miaka 5, kwa kuwa vinapalia na kuziba njia ya hewa. Na hata siagi ya karanga nzito ikilambishwa kwa kijiko bila kuzimuliwa hunata kooni. Chukua vijiko vidogo viwili vya siagi hiyo, au viwili na nusu vya karanga zilizosagwa, zimua kwa maji yaliyochemka au kwa uji wa ulezi aliouzoea hadi iteremke kwenye kijiko kama uji mwepesi, iache ipoe. Chagua siku ambayo mtoto ni mzima, hana homa wala mafua, iwe asubuhi, na wewe huna safari. Usianze jioni akiwa anaelekea kulala. Mpe kiasi cha ncha ya kijiko, weka chini, mtazame kwa dakika 10. Usimpake usoni kumjaribu, maana ngozi yenye pumu itawasha hata kwa nyanya, na utaogopa bure. Kama hakuna kitu, mpe kinachobaki polepole, kwa kasi yake, na mkae naye kwa saa 2. Mtu mzima mmoja awe na kazi hiyo peke yake. Mtoto asiachiwe dada wa kazi aliye peke yake nyumbani.

Yai linafuata utaratibu huohuo kwa tofauti moja kubwa, nayo ni moto. Moto mkali wa muda mrefu huzibadilisha protini za yai zikawa rahisi zaidi kuvumilika. Watafiti wa Australia na Ujerumani waliwapa watoto unga wa yai bichi, na baadhi yao walikuwa na mzio tayari na wakadhurika siku ileile ya kwanza. Wenzao wa Japani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, waliwapa watoto wenye pumu ya ngozi unga wa yai lililoiva, kidogo sana kuanzia miezi 6 na kuongezwa miezi 9, huku ngozi ikitibiwa ipasavyo. Walipofika mwaka mmoja, waliokuwa na mzio wa yai ni asilimia 8, na katika kundi lililoepushwa ni asilimia 38. Basi yai la mtoto lichemshwe dakika 10 au zaidi tangu maji yaanze kutokota, kiini na ute wake vyote viwe vigumu, lipondwe na viazi. Ile desturi ya kupasulia yai kwenye uji unaopoa ili "umpe nguvu" tuiache, maana hilo ni yai bichi lililovaa nguo ya uji. Nasi tuliokuzwa tukiambiwa kwamba mtoto akila yai atachelewa kusema, naomba tukubaliane kwamba tumeshasema vya kutosha.

Vingine nitavipitia upesi. Samaki, dagaa waliosagwa, kamba kwa watu wa pwani, ngano, soya, korosho iliyosagwa kwa ndugu zetu wa Mtwara na Lindi, ufuta na maziwa yaliyo ndani ya chakula: kama nyumba yenu inavila, mtoto navyo avionje kimojakimoja kabla ya kutimiza mwaka, kwa kuachana siku mbili tatu. Kama hamvili, msijisumbue kuvitafuta. Asali ndiyo isiyopewa kabisa aliye chini ya mwaka, na sababu yake ni sumu ya bakteria, si mzio.

Jambo linalowashinda wazazi si kuanza, ni kuendelea. Mtoto anaonja karanga mara moja, mama anashukuru Mungu, anaziacha miezi mitatu. Mwili unaofundishwa unahitaji kukumbushwa. Kwa karanga lengo ni hivyo vijiko viwili mara tatu kwa wiki, na kwa yai sehemu ya yai mara kadhaa kwa wiki, miaka na miaka, kama chakula cha kawaida na si kama dozi. Utafiti mwingine wa Uingereza wa mwaka 2016 ulijaribu kuwapa watoto wanaonyonya vyakula sita vya namna hii tangu miezi 3, na chini ya nusu ya familia ndizo zilizoweza kufuata ratiba yote. Kinga ilionekana kwa walioweza. Waingereza wale walilazimika kuzoea chakula kigeni jikoni mwao. Kwenu nyinyi mnaopika kisamvu cha karanga kila wiki, ni suala la kumtengea mtoto kabla hamjatia pilipili.

Wapo watakaoniuliza kuhusu vipimo, hasa baba mmoja aliyekwisha kulipia kipimo cha damu cha vyakula thelathini akarudi na karatasi iliyojaa alama za kujumlisha. Mzio wa chakula Afrika upo, hata kama tumezoea kusema ni ugonjwa wa Ulaya: watafiti wa Cape Town waliwalisha watoto wa mwaka 1 hadi 3 chini ya uangalizi na kukuta karibu asilimia 2.5 wana mzio wa kweli, zaidi wa yai na kisha karanga, huku vijijini ikiwa karibu asilimia 0.5. Lakini kingamwili kwenye damu na mzio ni vitu viwili. Ghana watafiti waliwakuta watoto wa shule wenye kingamwili dhidi ya karanga ambao walikuwa wakila karanga bila tatizo. Kilichokuwa kikipandisha kipimo ni kichocho, kwa sababu mnyoo wake una sukari zinazofanana na zilizomo kwenye mimea. Mtoto anayekula yai na halimdhuru hana mzio wa yai, karatasi iseme itakavyo. Kipimo kinafanywa kwa swali mahususi aliloliuliza daktari, na si kwa kuvua nyavu baharini kuona kitakachonasa, maana nimeona watoto waliozuiwa vyakula kumi kwa karatasi kama hiyo, wakadumaa.

Sasa dalili, na hapa wauguzi naomba mnisikilize hasa. Wekundu mdogo pembeni ya mdomo alipogusa chungwa au nyanya, usiosambaa na unaoisha ndani ya saa moja, si mzio. Mzio huja kwa kawaida ndani ya dakika chache hadi saa 2: mabaka yaliyovimba mwilini kama aliyeng'atwa na siafu, midomo au macho kuvimba, kutapika. Yakiwa mabaka peke yake, simamisha chakula hicho, mpeleke aonekane, na usimjaribishe tena nyumbani. Lakini akianza kukohoa mfululizo, kukoroma, sauti kubadilika, kupumua kwa filimbi, au akilegea na kupauka kama kitambaa, huo ni mshtuko wa mzio na kinachohitajika ni adrenalini. Si Piriton, si maziwa, si mkaa. Sindano ipigwe kwenye msuli, upande wa nje wa paja, miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, maana yake mtoto wa kilo 8 anapata mililita 0.08 ya adrenalini ya 1:1000, na irudiwe baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Alazwe chali, asinyanyuliwe begani. Dawa hii ni ya bei nafuu na inapaswa kuwepo hata zahanati. Kesho asubuhi kila mmoja wenu afungue kabati aone ipo, na aone tarehe yake.

Ipo pia aina ya mzio wa tumbo isiyotoa mabaka, ambayo mtoto hutapika sana saa 1 hadi 4 baada ya kula, akapauka na kulegea, na wakati mwingine mkosaji ni mchele. Ikitokea, mwambieni daktari chakula na saa, asidhani ni malaria.

Nimemaliza upande wangu. Pale kwenye mkeka kuna karanga kilo mbili nilizonunua sokoni jana bila kuzichagua, ungo nne, jiko, kinu na mayai trei moja. Hakuna mtoto atakayelishwa hapa leo; kila mmoja ataanzia kwake, asubuhi aliyoichagua. Walio na watoto wenye pumu ya ngozi kali, au mtoto aliyewahi kuvimba kwa chakula chochote, wabaki na mimi upande huu tuangalie kadi zao kwanza. Wengine sogeeni kwenye ungo, mama aliyekaa karibu na mlango atatuonyesha za kutupa, na maswali tutayajibu tukiwa tunachambua.